Usimjibu Daktari "Sijambo"

Mwanangu, mama yako ameniambia mkono wako wa kulia sasa hauwezi hata kushika kikombe, na kazi ya kiwanda cha nyama umeiacha. Pole sana. Hapa Marekani nimewasindikiza vijana wetu wengi kwenye ofisi za Social Security kuomba mafao ya ulemavu, Wakongo kwa Watanzania, na liko jambo moja linalowaangusha ambalo nataka ulijue mapema.

Tumelelewa kuvumilia. Ukiulizwa hali unajibu njema, hata kama umekesha ukiugulia. Kwa jirani hiyo ni adabu. Kwa daktari inakuponza, kwa sababu ukitabasamu na kumshukuru Mungu, yeye anaandika kwamba mgonjwa hana malalamiko. Anayeamua ombi lako mwanzoni kwa kawaida hata hakuoni. Anasoma faili. Basi mwambie daktari ukweli bila kupunguza wala kuongeza chumvi: mkono unawaka moto saa ngapi, shuka likiugusa inakuwaje, vifungo vya shati anakufungia nani, dawa zinakulewesha kiasi gani. Kutia uongo ni kosa la jinai, na wala huhitaji.

Lakini maneno peke yake hayatoshi. Sheria inataka dalili alizoziona daktari mwenyewe, au vipimo. Ugonjwa uliotajiwa, CRPS, yaani maumivu makali ya kiungo yasiyoisha, una mwongozo wake wa Social Security tangu mwaka 2003, SSR 03-2p. Unakubali kwamba maumivu yanaweza kupita kiasi cha jeraha lililoyaanzisha, na kwamba dalili huja na kuondoka: uvimbe, ngozi kubadilika rangi, mkono mmoja kuwa baridi au moto kuliko mwenzake, jasho lisilo la kawaida, kucha na nywele kuota vibaya. Kwa hiyo siku mkono ukivimba, jitahidi uonwe siku hiyohiyo. Ikishaandikwa, ina uzito hata kama wiki ya pili mkono umenywea.

Na usimpeleke mdogo wako akakutafsirie. Mtoto wa miaka kumi na miwili ataona haya kusema kwamba kaka yake anaogeshwa. Social Security wanatoa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Muombe tangu simu ya kwanza. Hospitalini pia muombe.

Usidhani ujana unakunyima haki. SSDI, yaani bima ya ulemavu, inatokana na kodi iliyokatwa kwenye mishahara yako, na aliyepata ulemavu kabla ya kufika miaka 24 anahitaji alama sita tu za kazi, yaani kama mwaka mmoja na nusu, ndani ya miaka mitatu iliyotangulia. Mwenye kipato na mali kidogo sana anaweza kuangaliwa kwa SSI, msaada usiotegemea kodi hizo, ingawa kwa asiye raia masharti ni magumu zaidi. Ujana unakubana kwingine: haitoshi kuonyesha kwamba kiwanda cha nyama kimekushinda. Watauliza kama unaweza kazi nyepesi, ya kukaa kwenye kiti. Hapo ndipo daktari aandike kwa vipimo: unaweza kushika kitu dakika ngapi, kuinua uzito gani, kukaa makini kwa muda gani. Hali hiyo lazima iwe imedumu, au itarajiwe kudumu, miezi 12 au zaidi.

Wengi hukataliwa mara ya kwanza. Inauma, najua, na nimeona vijana wakiichana barua na kuanza ombi jipya. Usifanye hivyo. Kata rufaa ndani ya siku 60 tangu uipokee. Wao huhesabu kwamba imekufikia siku tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake. Ukikataliwa tena, unaomba kusikilizwa na jaji, na hapo hatimaye mtu atakusikia ukisema mwenyewe. Tafuta wakili kabla ya siku hiyo. Kwa mkataba wa kawaida hulipwa ukishinda tu, asilimia 25 ya malimbikizo yako, na kuna kikomo kilichowekwa na serikali. Anayetaka umlipe ada yake taslimu kabla hajagusa faili, usitie saini. Niletee karatasi zake kwanza tuzisome pamoja.