Jeraha Lisiloonekana



Ndugu zetu Waislamu, vijana wengi wa Pwani huiacha miji yao wakaenda bara kutafuta riziki. Tuchukue mfano wa mmoja aliyefungua duka Kapkatet, katika nchi ya chai ya Kericho. Siku ya mvua pikipiki aliyopanda yateleza kwenye mteremko, aangukia kichwa. Alazwa hospitali, jeraha lapona, nywele zafunika kovu, arudi kwao Mombasa. Watu wasema: Alhamdulillahi, amepona.

Baada ya miezi mambo yadhihiri. Husahau aliloambiwa asubuhi. Kelele za watoto humuumiza kichwa. Huchoka kabla ya adhuhuri. Na yeye aliyekuwa mpole hukasirika kwa neno dogo. Hapo ndimi zaanza. Huyu asema ni mvivu. Yule asema ana kiburi. Wa tatu, naye ndiye mbaya zaidi, asema ni pepo aliyemfuata kutoka bara, apelekwe kwa mganga akapungwe. Fedha zaliwa, na mgonjwa azidi kwa ngoma na moshi.

Sivyo, ndugu zetu. Mguu ukivunjika vibaya kilema chake huonekana, na watu humpisha mwenyewe njiani. Ubongo ukiumia, kilema chake hukaa katika kumbukumbu, katika subira na katika ulimi, wala hana fimbo ya kumjulisha mpita njia. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo imsaidiayo mtu kujizuia. Ikiumia, hasira hutoka kabla mwenyewe hajaiwahi.

Wala dini yetu haikulisahau jambo hili. Katika zama za Mtume (S.A.W.) alikuwapo sahaba Habban bin Munqidh, na wengine husema ni babake, aliyejeruhiwa kichwani, ulimi wake ukawa mzito na akili yake ikapungua. Alikuwa akihadaika katika biashara, hata jamaa zake wakamwomba Mtume amzuie kuuza na kununua. Mtume akamwita, akamkataza. Akajibu kwamba hawezi kustahimili kuiacha biashara. Basi Mtume akamwamrisha kila auzapo au anunuapo aseme kuwa hapana kuhadaa, na akampa hiari ya siku tatu ya kurudisha alichokinunua.

Zingatieni hekima hii. Hakufungiwa nyumbani kama maiti, wala hakuachwa akaliwa na wajanja. Alibakishiwa heshima yake, akawekewa ulinzi uliolingana na udhaifu wake.

Nasi tufanyeje? Mgonjwa arudishwe kwa daktari, khasa akipatwa na kifafa. Awekewe daftari la kuandikia mambo yake, apewe muda wa kujibu, apumzishwe mchana. Akishuku idadi ya rakaa, ajenge juu ya yakini kisha asujudu sijida ya kusahau. Mkewe asaidiwe, maana mzigo wa kila siku ni wake.

Na ole wake amwendeaye na karatasi amtie saini, kisha achukue duka! Katika Sura ya Nisaa, aya ya 5, Mwenyezi Mungu ametuamrisha kwamba asiyeweza kuiangalia mali yake alishwe na avishwe kwayo, na aambiwe maneno mema. Hayo maneno mema hayana gharama, na ndiyo tuyafanyiayo ubakhili.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe sisi subira ya kukaa nao. Amin.