Kutenda na Kuagiza: Gia za Mkono Katika Magari ya Spoti

Tarehe 24 Machi 1991, kwenye uwanja wa Interlagos jijini São Paulo, Ayrton Senna alikuwa akiongoza mbio za Formula 1 za nyumbani kwao, mbio ambazo hakuwa amewahi kuzishinda. Gari lake, McLaren MP4/6, lilikuwa la gia za mkono. Gia ya nne iligoma kwanza, nyingine zikafuata, na kwa maelezo yake mwenyewe, mizunguko ya mwisho alibaki na ya sita peke yake. Kona za polepole zinazotaka gia ndogo alizipita kwa gia kubwa kuliko zote, injini ikikohoa kila anapotoka konani, na mvua nayo imeanza kunyesha. Riccardo Patrese alifika nyuma yake kwa tofauti isiyotimia sekunde 3. Misuli ya Senna ilikuwa imekaza hata ikabidi asaidiwe kutoka garini, na kombe alilinyanyua kwa taabu.

Aliyekuwa akimfukuza kabla ya Patrese ni Nigel Mansell, ndani ya Williams FW14 ambayo gia zake zilibadilishwa kwa vidole, nyuma ya usukani, bila kuondoa mkono. Giaboksi hiyo ya kisasa ndiyo iliyomtoa mbioni siku ile. Ushindi wa kijiti cha gia, hata hivyo, ulikuwa wa muda tu. McLaren ile ndiyo gari la mwisho la gia za mkono kutwaa ubingwa wa Formula 1, na mwaka uliofuata taji likaenda kwa Mansell na Williams yake.

Kilichotokea kwenye mbio kikahamia barabarani. Mwaka 1997 Ferrari iliuza F355 yenye gia za kubonyeza kama za mbio. Mwaka 2003 Volkswagen ikaweka kwenye Golf R32 giaboksi ya klachi mbili: klachi moja inashika gia za kwanza, tatu na tano, nyingine inashika za pili, nne na sita, hivyo gia inayofuata huwa imekwisha kujipanga kabla dereva hajaitaka. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kushindana na mpango huo. Nissan GT-R ya 2007 ilikuja nayo peke yake, Ferrari 458 ya 2009 vilevile. Corvette ikafuata kwa toleo la 2020, na wapo walioomboleza kwamba gari limeuza roho yake, ingawa Corvette za kwanza kabisa, za 1953, zilitoka kiwandani na otomatiki ya gia mbili.

Kwa miaka mingi watetezi wa kijiti waliegemea faida zake. Gia za mkono zilikuwa na kasi zaidi, zilikula mafuta kidogo, zilikuwa nyepesi na bei yake nafuu. Hoja hizo zimeanguka karibu zote, na mimi nashukuru kwamba zimeanguka, kwa sababu sasa tunalazimika kuuliza swali lililojificha nyuma yake. Ufundi una thamani gani pale matokeo yake yanapopatikana vizuri zaidi bila huo ufundi?

Aristotle alitenganisha kutengeneza na kutenda. Anayetengeneza anatazama kitu kilicho nje ya kazi yake, kama fundi anavyotazama kiti atakachokimaliza; anayetenda, lengo lake limo ndani ya tendo lenyewe. Mgawanyo huo unanisaidia, ila hapa naona tunahitaji mwingine wa karibu zaidi, kati ya kutenda na kuagiza. Ninapobonyeza kitufe nyuma ya usukani ninatoa agizo. Kompyuta inalipokea, inalipima, na ikiona gia ninayoitaka itaiumiza injini, inakataa. Agizo langu linaweza kutekelezwa na yeyote, na likitekelezwa vizuri sifa si yangu. Tendo haliko hivyo. Tendo ni langu kwa sababu naweza kuliharibu.

Tazama dereva anayeikaribia kona kwa kasi katika gari la gia za mkono. Sehemu ya mbele ya mguu wa kulia imekanyaga breki. Mguu wa kushoto unazamisha klachi, mkono unavuta kijiti kutoka ya nne, na kwa nukta moja gari halina gia. Katika nukta hiyo ubavu wa mguu uleule wa kulia, bila kulegeza breki, unagusa mafuta na kupiga resi kidogo ili mzunguko wa injini upande kufikia kiasi ambacho gia ya tatu itaudai. Kijiti kinaingia, klachi inaachiwa. Hesabu ikiwa sawa, abiria hahisi kitu. Ikikosewa, magurudumu ya nyuma yanashtuka na mkia wa gari unaweza kuhama njia. Sikio ndilo lililopima na nyayo ndizo zilizojibu, na ukimwomba dereva huyo akueleze resi ile ni kiasi gani, atashindwa kukueleza. Ferrari za zamani zilidai hata subira: asubuhi, mafuta ya giaboksi yakiwa bado ya baridi, gia ya pili hugoma, na mwenye gari huruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu mpaka chuma kipate joto. Gari la namna hiyo lina tabia ambayo dereva hana budi kujifunza, na anayelijua analijua kwa mwili.

Mtu anaweza kuniuliza kwa nini nichore mstari hapa. Cadillac ilipoleta gia zinazojilinganisha zenyewe mwaka 1928, madereva waliacha kukanyaga klachi mara mbili kila wanapobadilisha, na ufundi mgumu ukafifia. Nakubali kwamba kila kizazi huchora mstari pale ujana wake ulipoishia. Hata hivyo, uvumbuzi ule ulipunguza adhabu ya kukosea, na tendo likabaki mikononi mwa dereva. Klachi mbili zimeliondoa tendo lenyewe. Hizo kwangu ni hatua mbili za aina tofauti.

Mwanafalsafa Bernard Suits, katika kitabu chake cha 1978, The Grasshopper, anaeleza kuwa mchezo ni kujitwika kwa hiari vikwazo visivyo vya lazima. Kwa kipimo chake, gia za mkono za gari la spoti leo ni mchezo. Kwa Senna zilikuwa kazi. Kwa dereva wa lori anayeteremka mlima Kitonga na shehena, gia ndogo ni suala la kufika chini salama, na hamsubiri mwanafalsafa amthibitishie. Ufundi unapohama kutoka kazi kwenda mchezo haupotezi uzuri wake, lakini hakuna tena anayelazimika kuujua. Unabaki kutegemea mapenzi ya wachache, na mifuko yao.

Wahandisi wameona pengo hilo. Hyundai Ioniq 5 N, gari la umeme la 2023, halina gia za kubadilisha, lakini linaweza kuigiza gia nane: spika zinatoa mlio wa injini, mota inashtuka kana kwamba gia imeingia. Uigizaji huo unafuata giaboksi ya klachi mbili, ileile iliyokiondoa kijiti. Mwanafalsafa Robert Nozick aliuliza mwaka 1974 kama tungekubali kuunganishwa na mashine inayotupa hisia za maisha bila maisha yenyewe, na aliamini wengi wetu tungekataa. Kwangu upungufu wa gari hili uko kwenye kitufe kinachozima maigizo yote. Kizuizi kinachoondoka kwa kuambiwa hakimfundishi dereva unyenyekevu. Mafuta baridi ya Ferrari hayakuwa na kitufe.

Lazima pia niseme kwamba kuondoka kwa klachi kumefungua milango. Clay Regazzoni, dereva wa zamani wa Ferrari, alipooza miguu baada ya ajali ya Long Beach mwaka 1980, akarudi kushindana katika magari yanayoendeshwa kwa mikono pekee. Hoja yoyote inayomwona mtu kama huyo si dereva kamili imejipinga yenyewe, maana yeye alitenda kwa viungo alivyobaki navyo. Ninachotetea ni tendo, na pedali tatu za chuma sakafuni ni njia yake mojawapo.

Porsche iliitoa 911 GT3 ya 2013 bila gia za mkono, mashabiki wakalalamika, na mwaka 2016 ikaja 911 R, gari 991 tu, zote za kijiti. Bei zake sokoni zilipaa upesi mno. Aston Martin ilifanya vivyo hivyo mwaka 2023 na Valour, gari 110. Wengi wanaziona kama wokovu, nami sioni hivyo. Ufundi wa mwili hujifunzwa kwa kukosea mara nyingi, na gari linalopanda thamani kwa kutotembea halimruhusu mtu akosee. Mazda MX-5, inayouzwa tangu 1989 na bado ina kijiti, inanipa tumaini kubwa zaidi, pamoja na Toyota GR86. Ndani ya magari kama hayo mwanafunzi anaweza kuzima injini kwenye mataa, akasaga gia, akaichoma klachi, akamlipa fundi aweke nyingine, na wiki inayofuata akairudia kona ileile.