Kuingia hekaluni kwa tiketi: matembezi au ibada?

Kijana mmoja niliyemfundisha dini akiwa sekondari, ambaye sasa anasoma Japani, alinipigia simu akiwa na dukuduku. Wenzake wa chuoni walitaka kumpeleka Kyoto kutembelea mahekalu. "Ustadhi," akaniuliza, "niende au nitoe udhuru?"

Si swali dogo. Kyoto ulikuwa mji mkuu wa Japani tangu mwaka 794 mpaka mfalme alipohamia Tokyo mwaka 1869. Mahekalu ya Kibudha na ya Kishinto yametapakaa mji mzima, na anayekwenda huko kutembea, hasa huenda kuyaona hayo.

Wapo watakaosema haraka: yale ni majengo tu, mtu amekata tiketi, ibada iko wapi? Lakini hoja hiyo watawa wenyewe waliikataa. Mwaka 1985 serikali ya mji wa Kyoto ilianza kutoza kodi viingilio vya mahekalu mashuhuri. Mahekalu kadhaa yakawafungia wageni milango, likiwemo Kinkaku-ji, lile lililopakwa dhahabu. Walidai kwamba anayeingia pale anashiriki jambo la dini, na jambo la dini halitozwi kodi. Kodi ile ilifutwa mwaka 1988.

Sasa ndugu msomaji, ikiwa mwenye nyumba anasema mgeni wake amekuja kwa ajili ya dini, Muislamu aliyeshika tiketi atajitetea kwa lipi?

Wanazuoni wetu wamekhitalifiana. Wapo waliochukia kuingia penye masanamu, na wapo walioruhusu. Mimi naelekea kwa walioruhusu, lakini kwa sharti. Kila amali huhukumiwa kwa nia, hilo twalijua. Hata hivyo, nia njema haihalalishi kila kitendo.

Tuchukue mfano wa Fushimi Inari, hekalu la Kishinto lenye maelfu ya malango mekundu. Mengi yametolewa na wafanyabiashara na makampuni kwa kuomba au kushukuru baraka ya biashara, na jina la mtoaji huandikwa kwenye nguzo. Kuingia ni bure. Mbele ya madhabahu mtu hutupa sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena. Hapo ndipo mwenyeji atakapomwambia mgeni: "Jaribu nawe, ni mila tu."

Mpaka uko hapo. Kutazama ni kutazama. Kuinama mbele ya madhabahu ni kitu kingine. Ukiinama kwa dhati, umeingia katika shirki. Ukiinama kwa mzaha, bado umefanya kitendo cha ibada pasipo Mola wako, na juu yake umemdharau mwenyeji wako kwa kuifanyia mchezo ibada yake. Qur'an, katika Surat Al-An'am aya ya 108, inatukataza kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine. Basi adabu na tauhidi havigombani hapa: vyote viwili vinakuambia usishiriki, na usikejeli.

Nikamwambia kijana: nenda. Wakivua viatu, vua. Wakinyamaza, nyamaza. Usitupe sarafu, usiiname, usipige makofi. Wakikuuliza sababu, waeleze kwa upole.

Baada ya safari alinipigia tena. Kilichomshangaza zaidi si masanamu, bali vibanda vya kuuza hirizi: ya kufaulu mtihani, ya safari salama, ya kujifungua salama. "Ustadhi," akasema, "nilitaka kucheka, nikakumbuka nyumbani."

Nami sikucheka. Ni wangapi miongoni mwetu, wakazi wa mjini, wenye elimu, tunaosali safu ya mbele, ambao tumewafunga watoto wetu hirizi kiunoni? Ni wangapi huenda kwa mpiga ramli usiku, biashara inapoyumba? Yule Mjapani hajadai kuwa na tauhidi. Sisi tunaidai mara tano kwa siku. Kabla ya kuuliza kama Muislamu aingie hekaluni Kyoto, kila mmoja na apekue kwanza chini ya mto wake.

Wallahu a'alam.