Kumpokea Mchungaji Mpya



Mchungaji mpya anapoletwa katika mtaa wetu, sisi watu wa Ugogo hatuhitaji kufundishwa shangwe. Akina mama hupiga vigelegele, vijana hubeba mizigo, kuku huchinjwa, na kila mzee hutaka kuwa wa kwanza kumwambia, "Mbukwenyi!" Hayo ni mema. Lakini sherehe ni ya siku moja, naye amekuja kukaa miaka. Tujiulize basi: mwezi wa pili, ghala zikiwa tupu na mtama ungali mchanga shambani, je, tutakuwa bado tunampokea?

Posho ya mchungaji hutoka katika sadaka na zaka zetu. Kapu likirudi jepesi, hana budi kushika jembe ili watoto wake wale. Mvua zetu ni chache, toka Desemba hadi Aprili. Asiyelima siku hizo hana mavuno. Ndipo manung'uniko huanza: haonekani kwa wagonjwa, makanisa ya mbali hayapati Ushirika Mtakatifu. Kumbe ni kapu letu lililompeleka shambani. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia (6:6) kwamba mwanafunzi wa neno amshirikishe mwalimu wake mema yote. Hakutaja maneno mema tu.

Tufanye nini, basi?

Kwanza, tuweke akiba wakati wa mavuno. Kila nyumba itoe mtama au uwele kadiri ilivyojaliwa, nao wazee wa kanisa wautunze kwa ajili ya miezi ya njaa. Tena tumlimie mchungaji, kama tunavyosaidiana sisi kwa sisi. Shamba linalomchosha mtu mmoja kwa siku nyingi, watu thelathini hulimaliza upesi, naye akabaki na nafasi ya kuwazuru wagonjwa.

Pili, tusimpime kwa yule aliyeondoka. Dayosisi yetu ya Central Tanganyika ilianza mwaka 1927 chini ya Askofu Chambers. Wakafuata Wynn Jones na Stanway. Mwaka 1971 akaja Yohana Madinda, Mwafrika wa kwanza kuiongoza dayosisi hii, na mwaka 1989 Mhogolo. Kila mmoja alikuwa mpya siku yake ya kwanza, na kila mmoja alikuja na karama yake. Kama wazee wetu wangemkataa Stanway kwa kuwa si Chambers, au Madinda kwa kuwa si Stanway, kazi hii ingefika wapi? Wakorintho walijigawa, hawa wa Paulo na hawa wa Apolo, wakasahau kwamba mwenye kukuza ni Mungu peke yake (1 Kor. 3). Mchungaji wa zamani tuzidi kumpenda, lakini mashauri ya mtaa tumpelekee huyu tuliyepewa.

Tatu, tulinde ndimi zetu. Akikosea, na aendewe nyumbani kwake na mtu mzima mwenye hekima, wala habari zake zisianzie kisimani. Kama hajui Kigogo, tumfundishe bila kumcheka. Mkewe naye ni mgeni, ameacha jirani zake na shamba lake. Mama mmoja amwonyeshe njia ya maji na ya kuni. Na watoto wao tusiwadai utakatifu ambao hatuwadai wetu.

Katika Kutoka 17 mikono ya Musa ililegea vitani. Haruni na Huri hawakukaa kumhesabia makosa, wala hawakutafuta kiongozi mwingine. Walimletea jiwe akalikalia, kisha wakaishika mikono yake, huyu upande huu na huyu upande huu, hata jua likachwa. Israeli wote walishinda siku ile, si Musa peke yake.

Basi halmashauri ya mtaa itakapokutana, na ipange siku ya kulima na mahali pa kuweka akiba. Na kila jioni, tunapowaombea watoto wetu, tutaje na jina la mchungaji wetu.

Bwana awe nanyi. Amina.