Pampu ya Tatu

Mpwa wangu, kaa kwanza. Mfuko huo uweke hapo chini, najua kilichomo. Ni wotapampu nyingine. Ya kwanza uliileta wakati wa mvua, ya pili baada ya mavuno, na leo hii ya tatu, na mwaka haujatimia. Kila mara umenieleza lilelile: mjomba, spea za siku hizi ni feki. Nilikuwa nakunyamazia, kwa kuwa spea feki kweli zipo, na kwa kuwa kila ulipokuja ulikuwa na abiria wanakungoja stendi. Leo nguvu za kunyamaza zimekwisha. Magoti yangu yamechoka kuingia chini ya magari, macho nayo yanataka miwani hata mchana wa jua kali, lakini hili nitalisema mpaka lifike mwisho, nawe utanivumilia.

Itoe. Igeuze. Unaona hapa chini, nyuma kidogo ya puli, pana kitundu? Wengi hudhani ni kasoro. Niliwahi kumkuta kijana wa gereji amekiziba kwa gundi ya chuma, anajifuta mikono akiamini ametibu. Kitundu hiki kimewekwa makusudi. Ndani ya pampu kuna sili: nyuso mbili laini sana, kwa kawaida moja ya kaboni na nyingine ya kauri, zinasuguana mchana kutwa, na kinachozilainisha ni utando mwembamba wa maji yenyewe. Upande mmoja wa sili kuna maji, upande wa pili kuna beringi. Sili ikianza kuchoka, maji hutokea hapa kwenye kitundu badala ya kwenda kuosha grisi ya beringi. Ile michirizi mikavu uliyoiona na kuifuta kwa tambara ilikuwa taarifa. Ukikiziba kitundu, maji yanaelekea kwenye beringi, beringi inakauka, shafti inaanza kuyumba. Na kwenye Hiace yako feni imefungwa mbele ya pampu hiyohiyo. Shafti ikikatika, feni inaila rejeta papo hapo.

Sasa pitisha kidole huku ndani. Unaona tope hili jekundu? Ni kutu, chuma cha injini yako mwenyewe kilichoyeyuka kidogo kidogo. Chembe hizi huingia kati ya zile nyuso mbili za sili na kuzichora kama msasa. Kwa hiyo hata ungeagiza pampu kutoka kiwandani kwenyewe, ukaifunga kwenye maji haya, ingekufa vilevile. Umebadilisha kilichouawa mara tatu, na muuaji umemwacha ndani ya gari.

Nijibu bila aibu: maji ya rejeta unateka wapi? Najua. Ukiwa Ipogolo unashusha dumu Mto Ruaha Mdogo. Ukiwa Ruaha Mbuyuni, vitunguu viko juu ya keria na watu wamejaa, unachukua ndoo ya kwanza unayopewa. Maji ya mto yana udongo. Ya visima vingi yana chumvi na chokaa. Yakipata joto, chokaa inaganda kwenye vijitundu vya rejeta kama ile inayoganda ndani ya birika la mama yako. Mwaka mmoja wa maji hayo, rejeta inabaki nusu, huku kwa nje inang'aa.

Utaniambia kulanti ni ya nchi za theluji. Nimeisikia hoja hiyo tangu ujana wangu, na waliokuwa wakiisema walikuwa mafundi wazuri, ila hapo walikosea. Kuzuia maji yasigande ni kazi moja tu ya kulanti. Nyingine ni kuzuia kutu, kuilinda sili, na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Hizo tunazihitaji hapa Iringa kuliko hata hao wenye theluji. Tena tuko juu ya mita 1,400. Maji ya sufuria huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100 kama pwani. Tumepungukiwa kabla hata injini haijawashwa.

Changanya nusu kwa nusu, maji nusu na kulanti nusu, au fuata chupa inavyosema. Usiitie tupu ukidhani ndiyo upendo. Kulanti tupu hubeba joto kidogo kuliko maji. Maji yawe yale yaliyosafishwa. Ukikosa, kinga mvua ya Januari kwenye beseni safi, uwanjani, mbali na bati. Na dukani uliza vizuri, maana ukitaja maji ya betri kuna atakayekupa asidi.

Usichanganye kulanti kwa kuangalia rangi. Rangi ni rangi tu, kila kampuni hupaka yake. Wajapani kwa miaka mingi wamekwepa kutia silikati kwa kuhofia sili za pampu. Wazungu wengi wamekwepa fosfati kwa sababu maji ya kwao yana chokaa nyingi na fosfati hugandana nayo. Ukikutanisha dawa za watu wawili waliokuwa na hofu tofauti, unaweza kupata uji ndani ya rejeta. Chagua moja, baki nayo, ibadilishe muda wake ukifika. Inayobaki usiihifadhi kwenye chupa ya soda. Ni tamu, mpwa wangu, na ni sumu. Mtoto anainywa, mbwa anainywa. Wajukuu wangu wanacheza kwenye ua huu; ndiyo maana chupa yangu iko juu ya kabati, imefungwa kamba.

Sasa mfuniko wa rejeta. Huu nao umeutesa. Umeandikwa 0.9 hapo juu, na namba hiyo ina maana: springi yake inashikilia mgandamizo ndani ya mfumo, na maji yaliyogandamizwa hayachemki upesi. Kwa mfuniko mzima, hata hapa milimani maji matupu hufika karibu nyuzi 115 ndipo yachemke. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, faida yote inapotea. Maji yanatoka povu, yanakimbilia kopo la akiba, yanamwagika barabarani, nawe unasema pampu inavuja. Zaidi ya hapo, maji yasiyo na mgandamizo hutoa vipovu nyuma ya mapanga ya pampu, na vipovu hivyo vikipasuka huchimba chuma. Angalia panga hili lilivyotobokatoboka. Hukuligonga popote.

Kuhusu mfuniko nina jambo lingine, na hili silisemi kwa wepesi. Miaka mingi nyuma, katikati ya mlima wa Kitonga, basi lilichemsha. Konda alikuwa kijana wa umri wako, mwenye haraka kama yako. Aliweka tambara juu ya mfuniko, akauzungusha. Yale maji yalikuwa zaidi ya nyuzi 100 bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa tu. Alipoyafungulia, sehemu yake iligeuka mvuke mara moja na kuyarusha mengine nje. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake na spana mkononi. Ngozi ya uso na kifua ilitoka na shati. Tulimmwagia maji baridi, dumu baada ya dumu, mpaka lori likatusaidia kumpeleka hospitali. Aliishi, lakini hakurudi barabarani. Kila ninapokuona umeshika tambara, namwona yeye. Likichemsha, zima, shusha abiria, wakae mbali na barabara, ngoja. Ngoja mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kuushika kwa kiganja na kuubonyeza bila kuona umekaza. Abiria wakipiga kelele, waache wapige.

Na umenificha jambo jingine. Thamostati imo? Nilijua. Uliambiwa itolewe ili injini ipoe. Wanaoitoa wanadhani inazuia maji. Ni kweli inayazuia, lakini kwa kipimo: hufunguka injini ikifika joto lake, karibu nyuzi 82 kwa nyingi, na namba hiyo imepigwa mhuri juu yake. Kwenye injini nyingi inapofunguka kwa mbele, sehemu yake ya nyuma huziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kuonja upepo. Asubuhi ya baridi ya Juni injini haipati joto, dizeli inaliwa bure. Mchana ukipanda Kitonga na mzigo inachemsha. Umelipa fundi akuletee hasara pande mbili.

Feni yako sijaisahau. Panga moja limevunjika ncha. Uliona ni kitu kidogo kwa kuwa upepo bado unavuma. Lakini feni hiyo inategemea beringi ya pampu, na ikiwa nzito upande mmoja inaitikisa kila mzunguko, maelfu ya mizunguko kwa dakika, kutoka hapa mpaka Ilula na kurudi. Kisha ukakaza belti mpaka zikawa kama nyuzi za gambusi, ili zisipige kelele. Belti iliyokazwa kupita kiasi inaivuta shafti upande mmoja siku nzima. Bonyeza kwa dole gumba katikati. Ishuke kama sentimita 1. Zikiwa mbili, nunua mbili kwa pamoja, maana mpya na kuukuu hazigawani kazi sawa.

Silikoni sitasema sana. Ile uliyoipaka kwa ukarimu pembeni ya gasketi, nusu yake imebanwa kuingia ndani, na vipande vyake viko kwenye rejeta sasa hivi. Sehemu ya kukalia pampu inasuguliwa mpaka chuma kiwe safi, gasketi inalala, bolti zinakazwa kwa kuvuka, kidogo kidogo. Yai na manjano usitie. Najua vimewafikisha watu nyumbani, sikatai, lakini kinachoziba tundu la kuvuja huziba na tundu la kupitisha.

Ninaloliogopa mimi ni kubwa kuliko yote hayo, na ndilo lililoninyima usingizi jana nilipopata ujumbe wako. Gari likichemsha mara moja, hedi inaweza kusamehe. Likichemsha mara tatu, hedi hupinda, gasketi huungua, na moshi wa silinda huanza kupenya kwenye njia ya maji. Moshi huo una nguvu. Unayasukuma maji nje kwa popote palipo dhaifu, na mara nyingi palipo dhaifu ni sili ya pampu au mpira wa rejeta. Hapo utafunga pampu ya nne, ya tano, na zote zitavuja, na utawatukana wauza spea wasio na kosa. Dalili zake unaweza kuziona mwenyewe: injini ni baridi, unaiwasha mfuniko ukiwa wazi, na vipovu vinapanda bila kukoma, au mpira wa juu unakakamaa dakika chache tu baada ya kuwasha, hata kabla ya joto. Maji yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, oili imeingia. Ukiona moja ya hayo, usiende safari. Hata moja.

Nasema hivi kwa sababu naijua fedha iliyonunua gari hilo. Mama yako ni dada yangu. Aliuza shamba la bondeni, lile la marehemu baba yetu, na hakuniomba ushauri kwa kuwa alijua ningemzuia. Kila asubuhi unapoondoka anasimama mlangoni mpaka sauti ya injini ipotee. Hajui geji ya joto ni nini. Wewe unajua, na juzi uliniambia ulipoiona inapanda uliamua kumalizia mlima kwanza, kwa kuwa kusimama pale ni aibu. Sikukugombeza siku ile. Sikugombezi na leo. Nakuomba tu, mwanangu: ule mshale ukivuka nusu, simama. Na kila asubuhi inua kiti, maana injini yako imejificha chini ya watu na uvujaji wake hauonekani kwa kupita. Mulika tochi kwenye kitundu, gusa chini yake, angalia kopo la akiba, nusa.

Gari lilale leo. Usiliwashe hata kulisogeza; bila pampu injini haina cha kuipoza. Abiria wako mpe rafiki yako awabebe siku mbili hizi. Kesho asubuhi na mapema nitakuja na miwani yangu. Tutaishusha rejeta na kuipeleka kwa fundi wa rejeta aifungue na kuisafisha. Tutaipiga injini maji mpaka yatoke meupe. Tutairudisha pampu hii kwa muda, tutajaza taratibu, hita ikiwa wazi, tukiminya mipira hewa itoke, kisha tutatazama vipovu, mimi na wewe, bila haraka. Omba sufuria kuukuu kwa mama yako, isiyopikiwa tena, tuichemshie thamostati tuone inavyofunguka. Ukipita mjini jioni nunua thamostati, mfuniko wa 0.9, feni nzima, belti mbili na kulanti. Pampu usinunue bado.