Nilimwambia akae nje na punda



Likizo iliyopita nilikuwa nafundisha watoto wa komunyo ya kwanza kwenye kigango kimoja huku Karatu. Kati yao alikuwepo mvulana wa miaka 10 hivi mwenye usonji. Haongei. Watoto wakianza kuimba na kupiga makofi, anaziba masikio, anapiga kelele, anajigonga kichwa ukutani. Siku ya tatu nikachoka. Nikamwambia mama yake, kwa ule upole wetu wa kinafiki, "Mama, si bora akae tu nje na punda? Kule anatulia." Mama akajibu, "Sawa Frateri," akamshika mwanawe mkono wakatoka.

Na kweli alitulia. Punda wao, aliyekuwa ametoka kubeba madumu ya maji, alikuwa amefungwa chini ya mti. Mtoto akaegemeza shavu kwenye shingo ya yule mnyama na kelele zikaisha. Nilimwona kupitia dirishani, nikaendelea kufundisha amri ya mapendo. (Ndiyo, mnaweza kucheka.)

Tangu siku ile nina swali moja: nilimpa dawa, au nilimfukuza? Maana kwa macho ni picha ileile. Mtoto, punda, mti.

Upande wa dawa upo, tusiudharau. Usonji si laana, si uchawi wa jirani, wala si kosa la mama alipokuwa mjamzito. Ni ubongo uliokua kwa namna tofauti, na mtu huishi nao hivyo maisha yake yote. Mnyama hauondoi. Ila kwa wengi wenye usonji, uso wa binadamu ni kazi nzito: macho, sauti, utani, maneno yenye maana mbili, yote kwa mpigo. Punda hana hayo. Hakwambii "nitazame ninapokuongelesha." Ana joto, ana pumzi, na leo yuko vilevile kama jana.

Wataalamu walianza kuliandika hili zamani kidogo. Mwaka 1962 Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto huko New York, alieleza jinsi mbwa wake Jingles alivyomsaidia kufikia watoto waliokuwa wamejifungia ndani ya nafsi zao. Mwaka 2015 ukatoka utafiti wa Colorado uliohusisha watoto na vijana wenye usonji zaidi ya 100. Waliopanda farasi kwa wiki 10 walipungua hasira na mahangaiko kuliko wale waliojifunza habari za farasi bila kuwa na farasi. Yupo pia Temple Grandin, mwenye usonji mwenyewe, ambaye hadi anakaribia miaka 4 hakuwa anaongea. Akiwa msichana, kwenye shamba la shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wanavyotulia wakibanwa ubavuni ili wachanjwe. Akajitengenezea mashine ya kumbana hivyohivyo, nayo ikamtuliza. Baadaye akawa profesa wa sayansi ya mifugo. Wafugaji wa Endulen nadhani wangemwelewa haraka kuliko sisi wa darasani.

Sasa falsafa. Aristotle anasema urafiki wa kweli unadai watu wawili wanaotakiana mema na wanaojua kwamba wanatakiana. Mtakatifu Toma wa Akwino anauliza kama viumbe wasio na akili wapendwe kwa mapendo yale ya Kimungu, na anajibu kwamba urafiki hasa nao haupo, kwa sababu hawawezi kushiriki nasi uzima wa milele. Kwenye mtihani niliandika jibu hilo nikapata alama nzuri. Sikuwahi kuligeuza upande wa pili. Kama punda hawezi kuwa rafiki kwa maana hiyo, basi nilipomwacha yule mtoto na punda peke yake, nilimwacha bila rafiki. Na mtoto ni nafsi kamili, aongee asiongee. Hapo Toma hakuwa upande wangu hata kidogo.

Rudi kwa Levinson uone. Mbwa hakuachwa chumbani na mtoto halafu mganga akaenda kunywa chai. Kulikuwa na watatu. Kule Colorado nako palikuwa na walimu na watu wa kusaidia. Hata katika kitabu cha Tobiti, mbwa anaongozana na Tobia, lakini Rafaeli yupo, anatembea njia ileile. Mbwa hafanyi lolote linaloandikwa. Anafuatana nao tu, na mwandishi akaona afadhali amtaje.

Kwa hiyo hatuhitaji kuagiza mbwa wa tiba kutoka Ulaya. Wairaqw wa zamani walilala na mifugo chini ya paa moja, na Ngorongoro Wamasai wanaishi na ng'ombe na wanyamapori kwenye eneo moja tangu hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1959. Wanyama tunao. Tatizo ni kwamba tunajua pia kuwatumia kama kabati. Mtoto ambaye "hayuko sawa" anapewa mbuzi, anapelekwa mbali, wageni wasimwone. Yaani mtoto asiyeweza kuita msaada anaachwa porini kwenye nyati na fisi, halafu tunasema anapenda wanyama!

Halafu mnyama naye asionewe. Katekisimu, namba 2416 na 2418, inatudai wema kwake na inakataza kumtesa bure. Punda mwenye vidonda vya mizigo mgongoni atapiga teke, na ana haki. Mbwa achanjwe dhidi ya kichaa kabla hajakaa na mtoto. Hili si jambo dogo huku kwetu.

Nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Hakuongea sana. Aliniambia mwanawe hapendi kuguswa kutokea nyuma, na kwamba kila usiku taa ikizimwa anafanya ishara ya msalaba. Wiki nzima ya mafundisho sikujua, kwa sababu sikuuliza.

Tukahamishia darasa chini ya mti, yeye na watoto wengine watatu, bila makofi. Mara nyingi alitupa mgongo. Siku moja akanishika kiganja, akakiweka shingoni mwa punda, akakiacha pale. Sijui alimaanisha nini, na sitaki kukifanya muujiza.

Mama akauliza, "Frateri, na komunyo je?" Sheria ya Kanisa, kanuni ya 777, inataka wenye ulemavu nao wafundishwe kadiri hali yao inavyoruhusu. Nimemweleza paroko. Amesema Jumamosi twende wote nyumbani kwao, nimwonyeshe.