Bei ya Kiti cha Mbele

Niliporudi Tanga kutoka London mwaka 2018, dada yangu aliniuliza maswali mengi, na mojawapo lilikuwa hili: mchezo wa kuigiza huko kiingilio chake ni kiasi gani? Nikamjibu haraka, kama mtu anayengoja kusifiwa, kwamba wenye pupa hulipa pauni 80 hata 100, lakini mimi niliingia kwa pauni 20, tena kiti cha mbele kabisa. Jibu hilo lilikuwa la kweli. Tiketi ninayo hadi leo na bei imechapwa juu yake. Hata hivyo usiku ule sikupata usingizi mapema, kwa maana nilijua nimemdanganya, na yeye ndiye mtu ambaye sikupaswa kabisa kumdanganya katika jambo lile.

Msomaji anivumilie nieleze kwa taratibu.

Nimekuwa mwalimu wa sekondari kwa miaka mingi, na nimefundisha tamthilia ambazo sikuwahi kuziona jukwaani. Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, katika tafsiri za Mwalimu Nyerere, tulizisoma darasani hadi kurasa zikaachana na jalada. Wanafunzi wangu walijitanda mashuka ya bweni wakasimama mbele ya ubao wakawa Warumi. Kwa hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu huyo, aliponialika nikakae naye London majuma matatu, sikuwa na haja kubwa ya kuona kasri la malkia wala madaraja. Nilitaka kukaa katika ukumbi, taa zizimwe, nione watu waliojifunza kazi hiyo wakiifanya.

Nilianza vibaya. Siku ya tatu, mpwa wangu akiwa kazini, niliketi mbele ya kompyuta yake nikakata tiketi mwenyewe. Ukurasa wa kwanza uliojitokeza ulikuwa na jina la mchezo kwa herufi kubwa na picha ya ukumbi, nami nikaamini kuwa hao ndio wenye ukumbi. Nililipa pauni 74. Tiketi ilipokuja ilikuwa na bei yake halali imechapwa, pauni 35, na chini yake maneno madogo yanayosema kwamba anayekaa pale haoni jukwaa lote. Kumbi nyingi za mitaa ile zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20, na roshani za baadhi yake hushikiliwa na nguzo. Nguzo yangu ilikuwa nene. Shujaa alipokuwa kulia nilimwona. Alipokwenda kushoto kwa mchumba wake nilibaki na nguzo.

Mpwa wangu alicheka, kisha akanifundisha kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. Nenda kwenye dirisha la ukumbi wenyewe, au kwenye ukurasa ambao ukumbi wenyewe umeutaja. Kabla ya kulipa, tazama ramani ya viti na usome maneno madogo. Bei hupanda na kushuka kama ya samaki mnadani: Jumamosi usiku si sawa na Jumatano mchana. Katika uwanja wa Leicester Square kiko kibanda kiitwacho TKTS, kilichofunguliwa mwaka 1980 na chama cha wenye kumbi, ambacho huuza kwa bei iliyopunguzwa viti ambavyo havijapata watu. Lakini maduka ya jirani yanayotangaza nusu bei si kibanda hicho. Tena ziko kumbi zinazoweka kando viti vichache vya mbele, kuviuza asubuhi ya siku ileile kwa bei ndogo, kwa yeyote atakayewahi foleni.

Hapo ndipo kisa changu kilipo. Siku moja mpwa wangu aliingia nyumbani yapata saa tano asubuhi, akaweka tiketi mbili mezani. “Mjomba, tumepata za mbele kabisa. Pauni 20 kila moja, mchezo ni saa nane na nusu mchana.” Nilimsifu. Nilimwambia ana akili ya biashara aliyoirithi kwa bibi yake. Tukala, tukavaa, tukaenda.

Mchezo ulikuwa haujafika katikati nilipomsikia anakoroma. Koromo lilikuwa dogo, la mtu aliyejitahidi sana kutolala. Tulikuwa karibu na jukwaa kiasi cha kuona jasho la waigizaji, na mmoja wao, mzee mwenye ndevu, alimtazama mara moja kisha akaendelea na maneno yake. Nikainua mkono nimguse. Halafu nikaanza kuhesabu, jambo ambalo ningepaswa kulifanya asubuhi. Mpwa wangu hutunza wazee katika nyumba ya kulelea, zamu ya usiku. Zamu huisha saa moja asubuhi. Dirisha la tiketi hufunguliwa saa nne. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja akaenda kusimama kando ya barabara saa tatu, asubuhi ya baridi, na jioni ile alikuwa na zamu nyingine. Nikaurudisha mkono wangu. Sijui ni wangapi waliowahi kulala London kwa pauni 20, lakini yeye alilala, hadi makofi yalipomwamsha.

Nilimuuliza njiani kwa nini hakuniambia. Akasema, “Mjomba, ungejua ungekubali?” Nikasema nisingekubali. “Ndiyo maana sikusema.”

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kwanza lilionekana la kitoto: kiti kizuri ni haki ya nani? Zipo njia tatu za kukigawa, nami sijaona ya nne. Anayetoa fedha nyingi akipate. Anayesimama muda mrefu akipate. Au kura ipigwe na mwenye bahati akipate. Njia ya kwanza hatuipendi kuisema kwa sauti, ijapokuwa ndiyo inayotumika zaidi duniani. Ya pili tunaiona kuwa ya haki, kwa sababu kila mtu, tajiri na maskini, ana saa 24 kwa siku.

Lakini je, anazo? Sisi tulioishi miaka ya mwanzo ya 1980 katika nchi yetu tunaijua foleni vizuri. Tulipanga mstari wa sukari, wa sabuni, wa khanga. Watu waliweka mawe na vikapu kushika nafasi zao, na jiwe halisikii njaa. Nakumbuka nilivyoamini kuwa mstari ule, pamoja na mateso yake, ulikuwa wa haki kuliko mlanguzi. Nilikuwa sijatazama ni nani hasa wamesimama. Walikuwa watoto waliotumwa, watumishi wa ndani, na akina mama. Wakubwa hawakusimama, sukari waliipata hivyohivyo.

New York, katika bustani ya Central Park, michezo ya Shakespeare huonyeshwa wakati wa kiangazi bila kiingilio, katika jukwaa la Delacorte lililofunguliwa mwaka 1962. Nia yake ni njema: asiye na fedha aone sawa na mwenye nazo. Mwanafalsafa Michael Sandel, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu mambo ambayo fedha haiwezi kuyanunua, anaeleza jinsi wenye fedha walivyoanza kuwalipa watu wengine wawasimamie foleni hiyo. Tiketi ilibaki ya bure, ila kusimama kukawa na mshahara. Katika jiji hilohilo, mchezo wa Rent ulipoanza Broadway mwaka 1996, viti vya safu mbili za mbele viliuzwa dola 20 kwa watakaowahi, na vijana wakawa wanalala nje barabarani; baadaye foleni ile ikageuzwa kuwa kura. Naielewa sababu. Kura haimwamshi mtu alfajiri. Lakini kura nayo haimjui aliyengoja miaka thelathini na aliyeamua jana.

Nilipofika hapo katika fikra zangu nilijiona kuwa mimi ni yule tajiri wa Central Park, tena mbaya zaidi, kwa sababu yeye alau alilipa. Mimi nilimtumia mtu bure, na nikamsifu kwa akili ya biashara.

Mtu anaweza kunipinga kwamba ile ilikuwa zawadi, na kwamba mzee anayekataa zawadi ya kijana wake ana kiburi. Hoja hiyo ni nzito na sijaishinda. Mpwa wangu alifurahi kusimama. Alisema mwenyewe kwamba katika foleni alizungumza na mwanamke aliyekuwa akiuona mchezo ule kwa mara ya nne. Je, ningelipa bei kamili? Pauni 80 mara mbili ilikuwa karibu shilingi nusu milioni kwa thamani ya mwaka ule, na paa la dada yangu lilikuwa linavuja. Ningekaa kitini nikihesabu mabati. Je, tusingekwenda kabisa? Hilo nalo si jibu; waigizaji wanakula kwa tiketi zetu, na roho ya binadamu haiishi kwa mabati. Kwa hiyo sisemi kuwa ilikuwapo njia safi ambayo niliiacha. Nasema tu kwamba niliona tofauti ya pauni 80 na pauni 20, nikaiita akili, bila kuuliza zile 60 zimekwenda wapi. Hazikupotea. Kuna mtu aliyezilipa kwa usingizi wake.

Juma la mwisho mpwa wangu alikuwa na siku mbili za mapumziko. Ya kwanza nilimwacha alale hadi adhuhuri, nami nikapanda basi peke yangu hadi ukingoni mwa mto Thames, kwenye ukumbi wa Globe. Huo ni ukumbi wa mbao na makuti ya kizungu, uliofunguliwa mwaka 1997 kwa kuuiga ule wa mwaka 1599 ambamo Shakespeare mwenyewe alifanya kazi. Katikati upo uwanja ulio wazi kwa mvua, na watu kama 700 husimama humo. Zamani kiingilio cha kusimama kilikuwa peni moja, na aliyetaka kwenda kukaa ghorofani aliongeza ya pili. Mwaka ule nilipokwenda ilikuwa pauni 5. Nilikata mbili kwa ajili ya kesho yake, dirishani, kwa mkono wangu.

Tulitazama Othello. Kukaa chini hairuhusiwi, wala kufungua mwavuli. Nilikuwa na miaka 66 na goti la kushoto lenye historia, na mchezo huo si mfupi. Wakati Iago anamkamua Roderigo fedha zake kwa ahadi za uongo nilikumbuka pauni zangu 74 nikacheka peke yangu, hata mama wa jirani akanitazama. Kuanzia hapo sikucheka tena. Goti liliuma kwelikweli, nikaegemea jukwaa lenyewe, mbao zake zikiwa zinatetemeka chini ya miguu yao. Mpwa wangu alikuwa macho tangu mwanzo hadi mwisho. Desdemona alipokufa aliweka mkono mdomoni kama mtoto.

Hayo yote sikuyasema kwa dada usiku ule wa kwanza. Asubuhi nilimkuta uani anapepeta mchele, nikamwambia kwamba ile tiketi ya pauni 20 haikuwa ya pauni 20 tu, mwanao alitoka zamu ya usiku akasimama saa tatu barabarani ili mimi nipate kiti, kisha akalala mchezo mzima. Aliendelea kupepeta kwa muda. Kisha akauliza kama siku ile alikuwa amekula kwanza.

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka tulikula pamoja kabla ya kuondoka, lakini nani alipika, hilo nililikumbuka baadaye kidogo: alipika yeye.